Kiswahili, Mto Themi na Fedha za Utafiti wa Maafa

1.0 Utangulizi

Mto Themi huanzia katika miteremko ya Mlima Meru, hupita ndani ya Jiji la Arusha, kisha huteremka kusini kuelekea bonde la Mto Kikuletwa. Kandokando yake zimo bustani za mboga, karakana, nyumba za kupanga na madaraja ambayo watoto huyavuka kila asubuhi wakienda shule. Mlima wenyewe, wenye kimo cha mita 4,566, ni volkano iliyolipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha. Watu hao wote wanaishi chini ya mlima ambao una namna mbili za kuwadhuru: maji, ambayo huja mara kwa mara, na moto, ambao haujaja kwa zaidi ya karne moja na kwa hiyo umesahaulika.

Tarehe 12 Aprili 2024, asubuhi ya mvua kubwa, basi lililobeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko jijini Arusha, na watoto kadhaa wakafariki. Siku kumi na tatu baadaye, Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236 nchini kote. Mvua hizo hazikuja bila kutabiriwa. Taarifa za kuwapo kwa El Niño zilikuwa zimetangazwa miezi mingi kabla, redioni na magazetini, na kwa Kiswahili. Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu wanaisimu moja kwa moja: kati ya taarifa iliyotolewa na mtu aliyesimama ukingoni mwa maji, ni kitu gani kilichokosekana?

Makala haya yanadai kuwa mojawapo ya vitu vilivyokosekana ni utafiti wa lugha ya tahadhari, na kwamba utafiti huo haufanywi kwa sababu pande mbili hazijakutana. Wenye fedha za utafiti wa maafa hawaihesabu lugha kuwa sehemu ya maafa. Nao wataalamu wa Kiswahili, ambao kila mwaka hulalamikia uhaba wa ruzuku, hawaendi kuziomba fedha hizo.

2.0 Fedha zilipo na njia zinazopita

Si kweli kwamba hakuna fedha. Tangu nchi nyingi duniani zilipokubaliana mwaka 2015 juu ya Mpango wa Sendai, unaoishia mwaka 2030, fikra za wafadhili zimekuwa zikihama kutoka katika misaada baada ya maafa kuelekea maandalizi kabla ya maafa. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulizindua mpango wa kuhakikisha kuwa kila mtu duniani analindwa na mfumo wa tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Makadirio ya mpango huo yalikuwa dola za Marekani bilioni 3.1, zikiwa zimegawanywa katika mafungu manne: ujuzi wa hatari, vipimo na utabiri, usambazaji wa tahadhari, na utayari wa kuchukua hatua.

Fungu la tatu, lile la usambazaji, lilikadiriwa kuhitaji dola milioni 550. Msomaji angetarajia lugha iwe na makao yake hapo. Hata hivyo, uongozi wa fungu hilo ulikabidhiwa shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu. Uamuzi huo una mantiki yake, kwani bila minara ujumbe haufiki. Lakini unadhihirisha dhana iliyojificha kwamba ujumbe ukishafika kwenye simu ya mtu umeshamfikia mtu mwenyewe. Mwalimu yeyote wa lugha anajua kuwa hizo ni safari mbili tofauti.

Hapa nchini, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hutangaza ruzuku za utafiti kwa ushindani. Chuo Kikuu Ardhi kimekuwa na kituo cha mafunzo ya menejimenti ya maafa kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam katika kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Mradi huo ulithibitisha kuwa mwenyeji wa mtaa ni chanzo cha elimu kama kilivyo chombo cha kupimia, na haukuona haya kujiita kwa jina la Kiswahili. Arusha nayo haina upungufu wa taasisi. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iko katika miteremko ya Meru yenyewe, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamo mjini.

Pamoja na hayo, yafaa ikumbukwe kuwa fedha za wageni huja na huondoka kwa sababu za wageni. Mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika uliokiunganisha Chuo Kikuu Ardhi na vyuo vingine katika taaluma ya kupunguza athari za maafa ulijengwa kwa msaada wa Shirika la Misaada la Marekani, USAID. Mwaka 2025 shirika hilo lilifungwa. Mfano ulio mkali zaidi umo Goma, mji wa Waswahili wa mashariki ya Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo. Msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo cha uchunguzi wa volkano cha mji huo ulikoma mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuweza kuendesha vipimo vyake vyote. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka. Hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa fedha zingeuzuia ujiuji wa moto kuteremka. Lililo dhahiri ni kwamba mlima haukungoja mkataba mpya usainiwe. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi tangu mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Ahadi hiyo, kuliko tangazo lolote la ruzuku kutoka nje, ndiyo yenye kuamua kama utafiti wa maafa utakuwa na mizizi.

3.0 Lugha ya tahadhari kama suala la utafiti

Huenda ikadhaniwa kuwa Tanzania haina tatizo la lugha katika jambo hili, kwa kuwa taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutolewa kwa Kiswahili, na Kiswahili kinaeleweka karibu kila mahali. Ni kweli kwamba jambo hilo ni mafanikio ambayo nchi nyingi za Afrika hazijayapata. Lakini kuwapo kwa Kiswahili si sawa na kuwapo kwa Kiswahili kinachotenda kazi iliyokusudiwa.

Uchukuliwe mfano wa ngazi za taarifa ya hali mbaya ya hewa. Hutumika maneno angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, yakiambatana na rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu. Kwa aliyeyapanga, maneno haya ni ngazi: la pili ni zito kuliko la kwanza. Kwa msikilizaji wa kawaida, angalizo ni neno la kikaoni, lile ambalo mjumbe hulitoa kabla ajenda haijafungwa. Tahadhari nayo ina sura mbili. Husemwa kuwa mamlaka imetoa tahadhari, na husemwa pia kuwa wananchi wachukue tahadhari. Neno moja hutaja tendo la anayeonya na tendo la anayeonywa. Je, mkazi wa Themi anaposikia kuwa tahadhari imeshatolewa, huelewa kwamba kuna jambo linalomngoja yeye kulitenda, au kwamba wahusika wameshalitenda? Swali hilo halijibiwi kwa kufungua kamusi. Linajibiwa kwa kwenda kuuliza, kwa njia zilizopangwa vizuri, na kuhesabu majibu.

Neno wastani lina mtego wa aina hiyo hiyo. Katika utabiri wa msimu, mvua za wastani hadi juu ya wastani ni tamko la kitakwimu: kiasi cha mvua kinalinganishwa na cha miaka mingi iliyopita. Katika mazungumzo ya kila siku, kitu cha wastani ni kitu cha kadiri, kisicho kikubwa wala kidogo, na kisichotia hofu. Mkulima anaweza kulipokea tamko hilo kama habari njema na mwenye nyumba bondeni asipokee chochote, ilhali wote wawili wamesikia sentensi moja.

Sarufi ya taarifa hizo pia yastahili kuchunguzwa. Kauli kama baadhi ya makazi kuzungukwa na maji haina kitenzi kilichonyambuliwa kwa wakati wala kwa nafsi. Haisemi ni makazi yapi wala lini. Kauli kwamba wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari imo katika hali ya kutendwa, haimtaji anayeshauri, na tendo linaloshauriwa halina umbo: si kuhama, si kutovuka, si kuwazuia watoto nyumbani. Kiswahili kimejaliwa hali ya kuamuru iliyo fupi na yenye kubeba nafsi ya msikilizaji: hameni, msivuke, pandeni juu. Mama yeyote humwambia mwanawe usivuke. Hamshauri achukue tahadhari. Lugha ya ofisi imeikwepa hali hiyo kwa sababu ya adabu na kwa sababu za kisheria, na huenda sababu hizo ni nzuri. Lakini gharama ya adabu hiyo haijapimwa.

Istilahi za taaluma yenyewe bado zinayumba. Janga, maafa, balaa, msiba, hatari na dharura hutumiwa kwa kubadilishana. Wataalamu hutenganisha kile kinachoweza kudhuru, uwezekano wa kudhuru, na madhara yanapoushinda uwezo wa jamii. Katika magazeti dhana zote tatu zaweza kuitwa majanga. Mnamo Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang, ambao nao ni volkano ya kale, ilipomeguka na tope kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani, ilibidi wataalamu wafafanue kuwa mlima haukulipuka bali ulimeguka. Tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili ni tofauti kati ya kurudi nyumbani na kukimbia mkoa. Wakazi wa Meru watahitaji kuijua tofauti hiyo kabla ya siku ya kuihitaji.

4.0 Mafunzo kutoka kwingine

Utafiti wa namna hii umeshafanywa mahali pengine na umezaa matunda. Baada ya tetemeko lililoupiga mji wa Kobe, Japani, Januari 1995, ilibainika kuwa wageni waishio huko hawakuzielewa taarifa za dharura. Wanaisimu, wakiongozwa na Kazuyuki Sato wa Chuo Kikuu cha Hirosaki, walitayarisha aina ya Kijapani chepesi kwa ajili ya siku za maafa. Neno la kiofisi lenye maana ya kuhama kwa usalama lilibadilishwa likawa neno la kawaida la kukimbia, na uwanda wa juu ukawa mahali palipo juu. Leo Kijapani hicho hutumiwa na serikali za miji na vyombo vya habari. Kazi hiyo haikuhitaji mitambo. Ilihitaji watu wanaoijua lugha na waliopewa muda wa kuipima.

Mfano wa pili unakigusa Kiswahili chenyewe. Wakati wa mlipuko wa Ebola katika mashariki ya Kongo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, uliochukua maisha ya zaidi ya watu 2,200, shirika la Translators without Borders lilichunguza uelewa wa maandishi ya afya huko Kivu ya Kaskazini. Ilionekana kuwa mabango ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakueleweka sawasawa na wote waliokusudiwa, kwa kuwa Kiswahili chao ni kingine. Kwa karibu karne moja vyuo vya Afrika Mashariki vimeshughulikia usanifishaji; ni mara chache vimeulizwa usanifu huo unamwacha nani nje mtu huyo anapokuwa na dakika chache za kuamua.

Mfano wa tatu unawahusu wanafasihi simulizi. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kumbukumbu ya wimbi kubwa la mwaka 1907 ilihifadhiwa katika neno moja, smong, lililosimuliwa na kuimbiwa watoto. Desemba 2004 ardhi ilipotetemeka, wazee walilitamka neno hilo na watu wakakimbilia milimani. Kati ya wakazi wapatao 78,000 waliokufa walikuwa wachache mno, ilhali mahali pengine walikufa makumi ya maelfu.

Mfano huo unarudisha fikra Meru. Mlipuko wa mwaka 1910 ulishuhudiwa na Wameru na Waarusha. Walioushuhudia wote wameshafariki, na waliosimuliwa nao wamebaki wachache. Kama yapo masimulizi ya mwaka ule katika Kimeru au katika Kimaasai cha Waarusha, hayo ni data ambayo hakuna chombo kitakachoirejesha ikishapotea. Majina ya mahali nayo yana elimu yake: Ngarenaro ni maji meusi, na Engare Nanyuki ni maji mekundu. Aliyeyapa maji majina alikuwa amekwisha kuyachunguza.

5.0 Pingamizi

Pingamizi ya kwanza itakuwa kwamba mtaro mmoja ulio imara una faida kuliko makala kumi za isimu. Pingamizi hiyo ni ya haki, na hakuna mwanaisimu mwenye akili atakayedai fedha za mtaro. Lakini mtaro huchukua miaka kujengwa na hauwezi kuchimbwa kila mahali. Katika muda huo wote watu huishi kwa kutegemea maneno. Aidha, gharama ya kupima uelewa wa tangazo katika mitaa michache ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya rada iliyotumika kulitayarisha.

Pingamizi ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba wanaisimu watalikimbilia jina la maafa kwa sababu ya fedha tu, na kwamba vifo vya watu vitageuzwa kuwa mada za tasnifu. Hatari hiyo ipo. Kinga yake ni kuweka sharti kwamba utafiti wowote wa namna hii upimwe kwa swali moja: je, tangazo lililotoka baada yake linaeleweka zaidi kuliko lililokuwapo kabla? Kama jibu ni hapana, au kama tangazo halikubadilika kabisa, fedha zimepotea hata kama makala zimechapishwa.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, wenye kutoa ruzuku, COSTECH ikiwamo, wadai kwamba kila mradi wa tahadhari za mapema uwe na sehemu ya kupima ujumbe kwa wale wanaokusudiwa, na mtaalamu wa lugha awemo tangu siku ya kuandika ombi, si siku ya kutafsiri ripoti. Hali kadhalika, ripoti ya mwisho iandikwe kwa Kiswahili na irudishwe katika ofisi ya mtaa ilikochukuliwa data. Ni ajabu kwamba mkazi wa Themi huweza kuhojiwa kwa Kiswahili, majibu yake yakaandikwa kwa Kiingereza, naye asipate kamwe nafasi ya kuyasoma.

Pili, idara za Kiswahili ziache kungoja matangazo yenye neno lugha. Ziombe pamoja na wataalamu wa maji, wa miamba na wa mipango miji. Zipo kazi zinazoweza kuanzwa Themi kwa fedha kidogo: kupima uelewa wa ngazi za taarifa za hali ya hewa, kukusanya majina ambayo wenyeji huyatumia kwa vivuko, makorongo na madaraja, kurekodi kumbukumbu za wazee kuhusu mlima, kuchunguza jinsi Lugha ya Alama ya Tanzania inavyoweza kubeba tahadhari, na kuchambua jinsi mtu anayepiga simu ya zimamoto, namba 114, anavyoeleza mahali alipo. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina vibao, lakini mtu aliyeshikwa na hofu hutaja mwembe, duka na msikiti. Inafaa anayepokea simu ayajue majina hayo.

Tatu, Baraza la Kiswahili la Taifa na TMA waandae kwa pamoja istilahi fupi za dharura, zilizojaribiwa kwa wasikilizaji kabla ya kutangazwa kuwa sanifu. Kwa muda mrefu istilahi zimebuniwa mezani na kupelekwa kwa watu. Katika jambo hili yafaa safari ianze upande wa pili.

Nne, halmashauri zitenge chochote, hata kama ni kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa katika ngazi mbalimbali za utawala. Kamati isiyo na fungu la kujifunza hukutana baada ya mazishi tu.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Methali hiyo husomeshwa shuleni kama pambo la insha, lakini ndani yake mna ratiba: kuna kinachotangulia na kuna kinachofuata. Utafiti wa lugha ya maafa ni kazi ya wakati unaotangulia. Hauwezi kufanywa maji yakiwa yamekwisha kufika darajani, kwa sababu wakati huo hakuna anayeuliza neno gani linafaa, linatumika lililopo. Mvua za masika zitanyesha tena Meru, na watoto watavuka tena Themi kwenda shule. Kama siku hiyo redio itawaambia wazazi wao wachukue tahadhari, au itawaambia wasiwaruhusu kuvuka, ni jambo linaloweza kuamuliwa sasa, kwa fedha ambazo zipo na kwa elimu ambayo idara za Kiswahili zinayo tayari.